Usaili wa mchambuzi wa biashara: ukariri maswali, usomee cheti, au uandae visa vyako?

Mtu akiniambia ameitwa usaili wa uchambuzi wa biashara, kazi ya kuchunguza shida za ofisi na kueleza mfumo ufanye nini, ambayo maofisini huitwa kwa kifupi BA (business analyst), swali linalofuata huwa moja: "Nisome nini?" Nami humrudishia mawili. Una siku ngapi, na anayekuita ni nani? Hayo yasipojibiwa, ushauri wowote ni wa kubahatisha.

Njia za kujiandaa ninazoziona zikitumika ni nne. Wapo wanaokusanya maswali na majibu mtandaoni na kuyakariri. Wapo wanaokimbilia cheti cha kimataifa. Wapo wanaokaa chini kuandika visa vya kazi walizofanya wenyewe. Na wapo wachache, wachache mno, wanaofanya kesi, yaani tatizo la mfano la kazi, kwa sauti mbele ya mtu, kalamu mkononi. Nimezipitia zote, kwanza nikiwa msailiwa hapa Dar es Salaam, baadaye nikiwa miongoni mwa wasaili. Nina upande wangu na sitauficha: kwa mwenye wiki mbili na usaili wa benki au kampuni ya simu, mbili za mwisho zinazishinda mbili za kwanza kwa mbali. Ila kuna milango inayofunguliwa na kukariri, na ni vizuri kuijua kabla hujachagua.

Anayekuita ni nani

Taasisi nyingi za umma Tanzania huajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hupitia Ajira Portal. Huko mara nyingi unaanza na usaili wa mchujo wa kuandika, mko wengi ukumbini, na wanaovuka ndio wanaoitwa kwenye mahojiano. Nafasi yenyewe inaweza kuitwa afisa TEHAMA au mchambuzi wa mifumo, lakini ukisoma majukumu utakuta kazi inafanana: kukusanya mahitaji, kuyaandika, kusimamia majaribio ya watumiaji. Kwenye mchujo hakuna anayesikiliza kisa chako. Kuna swali, na kuna sehemu ya kujibu.

Benki, kampuni za simu na za bima hupenda hatua mbili au tatu: simu fupi kutoka kwa mtu wa rasilimali watu, jaribio dogo la Excel au SQL (lugha ya kuchota taarifa kwenye kanzidata), kisha jopo. Ndani ya jopo mara nyingi yumo mmoja anayetoka idara itakayotumia mfumo, pengine mkuu wa huduma kwa wateja au wa mikopo. Huyo ndiye wa kumtazama usoni unapojibu. Yeye hapimi nadharia ya uchambuzi. Anajiuliza kama kesho ukija kukaa mezani kwake utaielewa shida yake au utampotezea muda.

Kampuni ndogo za teknolojia hazina mambo mengi. Utapewa tatizo lao la wiki hii na utaulizwa ungeanzia wapi.

Kukariri maswali

Usaili wangu wa kwanza niliingia na daftari lenye maswali sitini na majibu yake, yote kichwani. Nikaulizwa tofauti ya mahitaji ya kiutendaji na yasiyo ya kiutendaji. Nikatiririka kama kasuku: ya kwanza yanaeleza mfumo ufanye nini, ya pili yanaeleza uifanye kwa ubora gani. Msaili akatikisa kichwa kukubali, akasema: "Sasa kwenye ufunguaji wa akaunti ya benki, nipe moja la kila aina, na uniambie la pili utalipimaje." La kwanza nililipata. La pili nikasema mfumo uwe na kasi. "Kasi gani?" Nikasema kasi nzuri. Akaandika kitu kwenye karatasi yake na hatukurudi tena kwenye swali hilo.

Jibu alilolitaka lilikuwa jepesi. Kwa mfano: karani akishabonyeza kitufe cha kuhakiki kitambulisho, jibu lirudi ndani ya sekunde tano, hata saa nne asubuhi matawi yote yakiwa na foleni. Hapo kuna namba, kuna mazingira, na mtu wa majaribio anaweza kusema imefaulu au imefeli. Nilikuwa na fasili bila mfano, kwa hiyo swali la pili lilinikuta mtupu.

Hata hivyo sitamwambia mtu atupe daftari lake. Kama unakwenda kwenye mchujo wa kuandika, kukariri kuna mahali pake: hatua za maisha ya mfumo, tofauti ya kazi ya mtiririko mmoja na ile ya Agile, inayokwenda kwa awamu fupi fupi, alama za BPMN, yaani mchoro wa hatua za kazi, MoSCoW inasimamia nini katika kupanga vipaumbele, aina za majaribio. Ni mambo yenye jibu moja, yanasomeka kwa siku chache, na hayana gharama zaidi ya bando.

Jaribio la SQL ni jambo jingine, maana halikaririki. Swali linalowaangusha wengi ni la namna hii: toa orodha ya wateja ambao hawakufanya muamala wowote mwezi Januari. Mtu anaunganisha jedwali la wateja na la miamala kwa JOIN ya kawaida, na papo hapo amewafuta wale wale anaowatafuta, kwa sababu JOIN ya kawaida inabakiza wenye muamala tu. Unahitaji LEFT JOIN, inayobakiza wateja wote, kisha unachuja waliotoka na NULL, yaani patupu upande wa muamala. Na sharti la Januari liwekwe kwenye ON, sehemu ya kuunganisha, lisiwekwe kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja, la sivyo orodha itarudi tupu. Ukifanya mwenyewe mara tatu kwenye kompyuta utalijua maisha yako yote. Ukilisoma tu, utalisahau mlangoni.

Kusomea cheti

Vyeti vinavyotajwa zaidi ni vya IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa Toronto, Kanada, mwaka 2003. Mwongozo wao, BABOK, toleo la tatu lilitoka 2015. Una maeneo sita ya maarifa na mbinu 50. Vyeti vyenyewe vina ngazi. ECBA ni ya anayeanza, haidai saa za kazi. CCBA inadai saa 3,750 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka saba iliyopita. CBAP inadai saa 7,500 ndani ya miaka kumi. Tuzipige hizo hesabu: mtu wa saa arobaini kwa wiki, akitoa likizo, anafanya kama saa 1,900 kwa mwaka. Kwa hiyo CBAP ni karibu miaka minne ya kufanya uchambuzi tupu, bila kuhesabu vikao visivyo vyako na kazi nyingine unazobebeshwa.

Ninaeleza hivi kwa sababu nimekutana na vijana waliomaliza chuo juzi wanaotaka kukopa ili wasomee CBAP. Mdogo wangu, hicho si chako kwa sasa. Hata ada ukiwa nayo, saa huna.

ECBA je? Ni kizuri kwa anayehama kutoka fani ya mbali, tuseme mwalimu au muuguzi, kwa sababu kinampa msamiati na mpangilio, na kwenye CV kinaonyesha kwamba amekusudia. Udhaifu wake kwa habari ya usaili ni muda: cheti ni jambo la miezi, usaili ni jambo la siku. Aliyeitwa Alhamisi ijayo na leo anafungua ukurasa wa kwanza wa BABOK atafika Alhamisi akiwa amechoka na amechanganyikiwa.

Na kuna jambo nililoliona nikiwa msaili. Tulikuwa na zoezi: mmoja wetu anajifanya wakala wa kutuma na kutoa pesa pale Mbagala, msailiwa anamhoji ili kujua mfumo mpya umsaidie nini. Zoezi lilikuwa kwa Kiswahili makusudi, ingawa usaili mzima ulikuwa Kiingereza. Msailiwa mmoja, cheti anacho, alikaa vizuri akauliza: "Je, una mahitaji gani kuhusu mfumo?" Wakala akajibu sina. Akauliza tena kwa maneno mengine, akajibiwa mfumo uwe mzuri tu. Zoezi likaishia hapo.

Aliyefuata hakuwa na cheti. Aliamkia kwanza, "Shikamoo mama, habari za biashara," akauliza anafungua saa ngapi, halafu akasema: "Mama, nionyeshe daftari lako la jana." Mwenzetu hakuwa na daftari, ikabidi alitunge papo kwa papo: safu ya namba ya simu, ya kiasi, ya sahihi ya mteja, na pembeni duara la wino mwekundu. "Hili duara ni la nini?" Ni muamala uliokwama, mteja aliambiwa arudi kesho. "Kwa siku unapata maduara mangapi? Na floti, pesa yako ya kuendeshea uwakala, ikiisha unafanyaje?" Ndani ya dakika sita alikuwa na shida tatu za kweli, na ya kwanza ilikuwa na namba. BABOK inaitaja mbinu hiyo, kuchambua nyaraka zilizopo na kutazama kazi inavyofanyika. Yule wa kwanza aliisoma. Wa pili aliifanya.

Kuandaa visa vyako

Kisa ninachokisema hapa ni jambo moja ulilolifanya kazini, likielezwa kwa dakika mbili: hali ilikuwaje, wewe jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini hasa, ikawaje. Wasaili wa kampuni kubwa huuliza maswali yanayoanza na "Tueleze wakati ambapo…", na swali la namna hiyo halijibiwi kwa fasili.

Kilio ninachokisikia ni: "Dada, mimi sina kisa, sijawahi kuwa BA." Binti mmoja aliniambia hivyo hivyo. Alikuwa mhasibu msaidizi wa shule binafsi. Nikamuuliza, pale shuleni kitu gani kilikuwa kinakukera? Akasema kulinganisha ada. Wazazi wanalipa benki, karatasi za malipo zinakuja zimeandikwa jina la mtoto tu, na shule ina watoto wenye majina yanayofanana. Kila mwisho wa muhula anatumia siku nne kupiga simu kwa wazazi. Ulifanya nini? "Nilimwomba mwalimu mkuu tuwaambie wazazi waandike namba ya usajili badala ya jina." Walikubali wote? Hapana, wazazi wengine hawakuijua namba, kwa hiyo aliichapa nyuma ya ripoti ya mtoto. Muhula uliofuata kazi ya siku nne ikawa siku moja na nusu.

Nikamwambia, hicho ni kisa kamili cha uchambuzi wa biashara. Umeona shida, umepata chanzo chake, umependekeza badiliko, umekuta kikwazo cha watumiaji, umekitatua, umepima. Wazo lake ni ndugu wa ile namba ya kumbukumbu tunayopewa tukilipia huduma za serikali: malipo yafuatwe kwa namba ya pekee, jina halitoshi. Alichokuwa anakosa ni kukitambua tu.

Andaa visa vinne au vitano, si ishirini. Kimoja cha kukusanya mahitaji, kimoja cha watu wawili waliotaka vitu vinavyopingana, kimoja cha kosa lako na ulivyolirekebisha, kimoja chenye namba. Kisa cha kosa ndicho watu hukikwepa, na ndicho kinachoaminiwa zaidi kikisemwa wazi. Viseme kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Wapo wanaojua kisa chao vizuri lakini kwa lugha moja, na jopo likibadili lugha wanageuka wageni wa maisha yao wenyewe.

Gharama ya njia hii ni jioni tatu na daftari. Hatari yake ni moja: kutia chumvi. Msaili mzoefu atauliza swali la tatu na la nne juu ya kisa hicho hicho, na cha kutunga hakifiki huko.

Kufanya kesi kwa sauti

Hii ndiyo njia ninayoitetea kwa nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo inayofanana na kazi yenyewe. Unapewa tatizo, kalamu na ubao, dakika ishirini. Chukua mfano ambao kila mtu anaujua: mteja ananunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa simu, salio linakatwa, tokeni, yaani namba ya kuingiza kwenye mita, haiji. Jopo linasema: malalamiko haya tuyapunguze, ungeanzaje? Aliye Nairobi atumie tokeni za huko, mtiririko unafanana.

Ambaye hajafanya mazoezi hurukia suluhisho. Atasema tutengeneze programu mpya ya simu. Aliyefanya mazoezi huuliza kwanza. Haya malalamiko ni mangapi kwa siku? Yanatoka mitandao yote au mmoja? Yanazidi saa fulani? Mteja sasa hivi anapiga simu wapi, na anayepokea anaona nini kwenye skrini yake? Nani ana mamlaka ya kurudisha pesa?

Kisha anachora. Mteja anaingiza namba ya mita na kiasi. Kampuni ya simu inakata salio. Ombi linakwenda kwenye mfumo unaouza umeme. Tokeni ya tarakimu 20 inatengenezwa, inarudi, ujumbe unatumwa. Ukishachora mstari huo, unaona kwamba "tokeni haijaja" si shida moja, ni tatu. Huenda ombi halikufika kabisa. Hapo pesa irudishwe. Huenda lilifika, tokeni ikatengenezwa, jibu likapotea njiani. Hapo mfumo uulize tena kwa namba ile ile ya muamala ili upewe tokeni ile ile. Au tokeni imerudi salama na ujumbe tu ndio haukufika. Hapo utumwe tena. Ukiirudisha pesa kwenye hali ya pili, umetoa pesa na umeme vyote. Na mteja akirudia kununua kwa wasiwasi, analipa mara mbili.

Msailiwa akifika hapo, mtu wa huduma kwa wateja kwenye jopo huinuka kidogo kitini. Nimeliona hilo mara kadhaa. Ni kwa sababu hizo hali tatu ndizo zinazomtesa kila siku na hajawahi kusikia mgeni akizitenganisha.

Malizia kwa kuandika hitaji moja vizuri. Kama mnunuzi wa umeme, nataka kuona tokeni zangu tano za mwisho kwenye menyu, ili nisisubiri ujumbe. Vigezo vya kukubali: menyu ionyeshe tarehe, kiasi, namba ya mita na tarakimu zote 20, ifanye kazi kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, bila intaneti, isionyeshe tokeni za mita hiyo zilizonunuliwa na mtu mwingine kwa simu nyingine. Hicho cha mwisho kitazua mjadala, na mjadala ndio unaoutaka, maana ndipo wanapokuona ukifanya kazi nao.

Ugumu wa njia hii ni kwamba inahitaji mtu wa pili, na inaaibisha. Mara ya kwanza utakwama dakika ya nne. Afadhali ukwame sebuleni kwa rafiki. Rafiki mwenyewe si lazima awe wa fani, mpe kazi moja tu, ya kuuliza "kwa nini?" na "umejuaje?" kila unapomaliza sentensi.

Basi uchague ipi

Ukiwa na siku tatu na ni benki au kampuni ya simu: siku ya kwanza visa vinne, ya pili kesi mbili kwa sauti, ya tatu soma habari za mwajiri na ulale mapema. Maswali ya fasili yapitie njiani kwenye daladala, yanatosha.

Ukiwa na siku tatu na ni mchujo wa kuandika wa Utumishi: geuza. Kariri na andika kwa mkono, maana wengi wetu hatujashika kalamu kwa saa nzima tangu chuo. Na andaa vyeti halisi usiku wa kuamkia. Matangazo yao ya kuita wasailiwa husema wazi kwamba hati za muda za matokeo hazikubaliwi, na inaumiza kumwona mtu aliyesoma wiki nzima akirudishwa getini. Ukivuka mchujo, ndipo uhamie kwenye visa.

Ukiwa na wiki mbili: visa wiki ya kwanza, kesi wiki ya pili, SQL nusu saa kila asubuhi.

Ukiwa na miezi mitatu na hujaitwa popote, hapo cheti cha ngazi ya kuanza kinaingia kwenye hesabu, hasa kama unatoka fani nyingine. Lakini kisomee huku ukichora mchakato halisi mmoja kila wiki: mapokezi ya zahanati ya mtaani, mauzo ya duka la dawa, foleni ya kituo cha mafuta.

Na kuna kundi moja ambalo huwa nalisihi lisianze na maswali wala cheti. Ni wale waliokaa kaunta ya benki, dirisha la hospitali au ghala kwa miaka minane, tisa, wanaodhani wamechelewa na kwamba kazi hii ni ya vijana wa kompyuta. Dada yangu, kaka yangu, wewe unajua fomu ipi inajazwa mara mbili bila sababu na ni saa ngapi mfumo huwa unaganda. Leo usiku chukua karatasi, andika mambo matatu uliyowahi kuyabadilisha pale kazini, hata kama ni kuhamisha kopo la namba za foleni kutoka mlangoni kwenda kaunta, na pembeni ya kila moja andika ilikuwa inachukua dakika ngapi kabla, na ngapi baada ya hapo.